Mnyambe: Kuna Mtu

Yuster, binti wa Anjelina wa Lisekese, Masasi, alipata kazi mwaka 1997 kwenye kituo cha kusukuma maji bondeni, chini ya uwanda wa Newala. Miaka ile watu walikuwa wanapunguzwa makazini na mashine zinaletwa. Kituo kikaletewa kompyuta yenye kioo cheusi na maandishi ya kijani. Haikuwa na picha wala kipanya. Unaandika amri, unabonyeza, inaitika. Chini kabisa ya kioo palikuwa na mstari mmoja ambao kila baada ya sekunde chache ulijifuta na kujiandika upya palepale, ukitoa habari za matangi mawili ya vijiji vya juu, Mnyambe na Mkunya, kama zilivyoletwa kwa redio na vyombo vya kupima. Mnyambe: linajaa. Mkunya: limejaa.

Ujumbe ulikuwa wa aina nne tu: linajaa, limejaa, linapungua, hakuna mawimbi. Yuster mwenyewe ndiye aliyeuchapa kwenye faili, huku mhandisi Christopher akimwelekeza.

Kabla ya hapo, kazi hiyo ilikuwa ya mzee Zabroni wa Mkunya. Kwa miaka kumi na tisa alipanda ngazi za matangi akapima maji kwa fimbo. Siku alipofuata barua yake ya kuachishwa, alisimama mlangoni na ndevu zake fupi nyeupe, akamtazama Yuster bila kupepesa macho.

“Umekula kazi yangu.”

“Sijala cha mtu, mzee. Mashine haichoki kupanda ngazi.”

“Sawa. Basi itakwambia yote. Hata usiyoyataka.”

Hamidu, fundi wa pampu, alimwonya baadaye kwamba mzee yule hajibiwi hivyo. Watu wa kwao walimwogopa, walisema ana mambo yake. Yuster alibetua midomo, akaendelea kuchapa.

Wiki mbili zikapita. Jumanne moja, saa nne asubuhi, jua likiwaka vizuri na Hamidu akinywa chai nje, mstari ulijifuta ukajiandika: Mnyambe: kuna mtu.

Yuster aliusoma mara mbili. Akamwita Hamidu, akamshutumu kwa kuchezea mashine. Hamidu akaapa kwamba hata kuiwasha hajui. Yuster akafungua faili la ujumbe. Aina nne, zilezile. Neno “mtu” halikuwamo mahali popote.

“Ni Zabroni,” alisema. “Kapanda kule kuharibu vyombo.”

“Nichukue pikipiki nikaangalie?”

Yuster alimkumbuka mzee pale mlangoni. Hasira ikampanda. “Achana naye. Akae hukohuko.”

Mstari uliandika vilevile Jumatano. Alhamisi pia. Ijumaa akinamama wa Mnyambe walileta malalamiko kwamba maji yana ladha mbaya, ndipo Hamidu akapanda pikipiki bila kumwuliza mtu. Alirudi mchana. Hakuvua kofia. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

“Tumemkuta mzee Zabroni, mimi na wanakijiji,” alinong’ona. “Yumo ndani ya tangi.”

“Ametumbukia?”

“Mfuniko ulikuwa na komeo, Yuster. Limefungwa kwa nje.”

Walimzika Mkunya. Yuster hakwenda. Hakumwambia mtu kwamba alijua tangu Jumanne, na Hamidu naye hakumtaja. Lakini kuanzia siku ile Hamidu alikula chakula chake peke yake, akampa mgongo. Tangi likamwagwa, likasuguliwa kwa chokaa, likajazwa upya.

Jumatatu mstari ukasema: Mnyambe: linajaa. Yuster akashusha pumzi. Akapeleka macho kwenye daftari lake. Alipoyainua, mstari ulikuwa umeshabadilika.

Mkunya: kuna mtu.

Kutoka Mnyambe hadi Mkunya hakuna kingine kinachounganisha matangi yale isipokuwa bomba. Na kutoka Mkunya, bomba lilelile linateremka bondeni hadi kituoni.

Alimpigia simu Christopher. Mhandisi alimsikiliza, akamwambia azime, ahesabu hadi kumi, awashe. Yuster akazima. Akahesabu. Akawasha. Mstari haukungoja hata programu ifunguke.

Bombani: kuna mtu.

Hamidu alikuwa ameenda kijijini kutafuta mafuta ya mashine. Pampu ilikuwa imezimwa. Kituo kizima kilikuwa kimya, saa sita mchana, mlango wazi, mbuzi wa watu wakila majani uani. Yuster alitaka kuinuka. Akaushika ukingo wa meza, macho kwenye mstari.

Kitu kikagonga bomba ukutani. Mara moja. Kikatulia. Kikagonga tena, karibu zaidi, chini ya sakafu.

Mbuzi wakakimbia wote kwa pamoja.

Mstari ukajifuta. Ukabaki mtupu. Aliutazama ule utupu, akaomba ubaki hivyohivyo. Ukajiandika, herufi moja moja.

Kituoni: kuna mtu.

Kituoni hapakufungwa chombo chochote cha kupima.

Harufu ya kutu ikamfikia kwa nyuma. Kisha ubaridi, kwenye bega la kushoto. Hakugeuka. Hakuwa na sala kichwani wala jina la kuita. Kilichomtoka ni kile alichofundishwa tangu utotoni kukitanguliza mbele ya mkubwa.

“Shikamoo,” alinong’ona.

Halafu, ndani kabisa ya sikio la kushoto, kwa sauti iliyojaa maji:

“Marahaba.”

Hamidu alimkuta barabarani, mbali na kituo, anatembea bila viatu kuelekea Masasi. Hakurudi kazini. Hata sasa anaishi na mama yake Lisekese, watu wawili tu. Kila asubuhi mto wake huwa umelowa upande wa kushoto. Daktari alilichungulia sikio lile kwa tochi, akasema ni kavu na zima kabisa.

Mama Yuster huukamua mto juu ya beseni, akamwaga maji nyuma ya nyumba, mahali asipokanyaga mtu. Mwezi uliopita, kabla ya kumwaga, aliona kitu kinaelea. Akakitoa kwa ncha ya kidole, akakipeleka juani. Ulikuwa unywele wa ndevu, mfupi, mweupe.

Nyumba ile haijalala mwanamume kwa miaka ishirini.