Ukurasa wa Novemba

Mwanaume wa kwanza kumchekesha Deodatha baada ya miaka kumi na moja alishuka kwenye basi la Bukoba akitembea kinyumenyume.

Stendi ya Kayanga ilikuwa imefurika mchana ule: wenye mikungu ya ndizi, wenye magunia ya maharage, wapiga debe wanaovutana mashati kwa abiria mmoja. Katikati yao alipita bwana mrefu mwenye suti ya kijivu na tai nyekundu, begi kalikinga nyuma kwa mikono miwili. Alirudi hatua kwa hatua, akamkanyaga muuza karanga, akaomba radhi bila kugeuka, mpaka akagota kwenye cherehani ya Deodatha barazani.

"Dada fundi," akanong'ona, macho bado yako stendi, "kuna msumari kwenye kiti cha basi lile."

"Msumari umefanya nini?"

"Umebaki na suruali yangu. Na saa nane natakiwa kuripoti kazini."

Deodatha alicheka mpaka sindano ikamponyoka. Alimpa kanga, akamwingiza kibandani nyuma ya pazia, akaanza kushona huku mabega yanamtikisika. Kila akimfikiria bwana mzima na tai yake shingoni na kanga ya maua kiunoni, kicheko kilimrudia upya.

"Naitwa Projest," sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Opereta mpya wa simu, pale posta. Leo ni tarehe tisa, siyo? Naiona kwenye kalenda yako. Jumatatu, tarehe tisa Oktoba."

Sindano ikasimama.

"Ndiyo. Tisa."

"Kalenda nzuri hii. Mji huu wenye mitumbwi badala ya magari ni wapi?"

"Venisi. Ulaya huko."

"Umewahi kufika?"

"Naishi huko," Deodatha akasema, na hakuwa akitania.

Kalenda ile haikuwa ya mwaka 1989. Ilikuwa ya 1978, ila mende walishakula kona yenye mwaka. Mwaka 1978 ulianza Jumapili. Na huu nao ulianza Jumapili, hivyo siku zote zikakaa mahali pake. Baada ya kusema uongo miaka kumi, kalenda ilikuwa inasema kweli tena. Deodatha aligundua jambo hilo Januari, na wiki nzima hakula vizuri. Aliona kama kuna mtu yuko njiani anakuja.

Kalenda aliletewa na Anastazi Sibomana, kijana wa Songambele, mtoto wa wakulima waliotoka Rwanda, dereva wa lori la kahawa. Ilikuwa ya shirika fulani la ndege, kila mwezi na mahali pake duniani. Wao wawili hawakuwa na uwezo wa kupanda hata ngazi ya ndege, basi wakaweka utaratibu wao. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi wanafungua ukurasa pamoja, na Deodatha anavaa gauni alilolishonea safari. Machi walikwenda Misri. Alivaa jeupe, wakala mishikaki mbele ya piramidi pale pale barazani. Juni wakawa Paris. Agosti wakafika Rio, aliko Yesu aliyenyoosha mikono juu ya mlima, na Anastazi akamnyooshea mikono yake yenye harufu ya dizeli.

Sheria ilikuwa moja tu: hakuna kuchungulia mbele. Lakini Anastazi alikuwa na kipaji. Kila mara alibashiri nchi inayofuata, na hakukosea hata mara moja.

"Wewe ni mchawi," Deodatha alimwambia.

"Si uchawi, Datha wangu. Ni mapenzi."

Mwisho wa Oktoba vita vikaja. Lori likachukuliwa kubeba askari, na dereva wake juu. Alisimama barazani dakika moja tu, injini ikiunguruma.

"Novemba usiifungue bila mimi."

"Utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

Lori lilikutwa ng'ambo ya mto Kagera limeungua. Mwili haukuonekana. Mama yake, Mukakalisa, alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akakubali, akasimika msalaba kwenye migomba yake. Deodatha hakukubali. Yeye alijua mtu wake yuko wapi: yuko Novemba. Ni nchi gani hakujua, lakini yuko huko, na ilimradi ukurasa haujafunguliwa, hakuna wa kumwambia hayupo. Kila mwaka, siku ya Marehemu Wote, waumini walipoandika majina ya wafu wao na kuyatia kwenye bahasha za misa, yeye aliandika jina la bibi yake tu. Na jioni nyingine, akikunja nguo za wateja, kibanda kilijaa ghafla harufu ya dizeli, akatazama pazia na kusubiri litikisike.

Sasa ndani ya kibanda hicho hicho akaingia Projest na vichekesho vyake. Kuwa opereta kulimpa mtu utajiri mmoja: simu ya bure. Simu ya karibu ilikuwa dukani kwa Mzee Gosbert, mlango wa pili.

"Deodatha waitu! Simu yako! Eti ni Bombei!"

"Haloo?"

"Bombei hapa. Bibie anaendeleaje?"

"Projest, acha utundu. Mzee Gosbert ananitolea macho."

"Mwambie hii ni simu ya nje. Umekula nini mchana?"

"Ndizi na maharage. Bombei mnakula nini?"

"Pilau, lakini halipandi bila wewe. Kesho nitapiga kutoka Tokyo, mpenzi. Uvae lile gauni la bluu."

"Utalionaje, na wewe uko Tokyo?"

"Tokyo kuna dirisha linatazama stendi."

Deodatha akacheka, na kicheko chake kikamrudia kwenye waya kwa kuchelewa kidogo, kama ilivyo kawaida ya laini zile. Lakini nyuma ya mwangwi ule Deodatha alisikia, au alidhani amesikia, mtu anahema. Aliweka mkono wa simu chini. Mchezo ulikuwa ule ule wa Anastazi, wa miji ya mbali. Akampenda Projest, naam, alimpenda na alijua, na kila alipompenda aliona kama kuna mtu wa tatu anasikiliza.

Jumamosi moja walitembea kwa miguu mpaka Bugene, akamweleza habari za Anastazi. Alimweleza yote isipokuwa kalenda.

"Mimi sishindani na marehemu," Projest akasema taratibu. "Naomba tu nafasi ya kukaa."

"Nani kakwambia ni marehemu?"

Walirudi Kayanga kila mtu upande wake wa barabara.

Tarehe mosi Novemba, sikukuu ya Watakatifu Wote, Deodatha alitoka kanisani akakuta kibanda kiko wazi. Projest alikuwa amepiga magoti mlangoni, nyundo mkononi, misumari mdomoni.

"Mzee Gosbert kanipa ufunguo," akasema akitema misumari. "Bawaba ilikuwa inalia kila siku, nimeinyamazisha. Na mwezi mpya nimekufungulia."

Venisi haikuwepo. Ukutani palikuwa na nyumbu, maelfu ya nyumbu kwenye nyasi za manjano, na chini yake maandishi: Serengeti, Tanzania.

Deodatha akatafuta. Ndiyo, alimtafuta. Macho yalipita nyumbu mmoja baada ya mwingine mpaka mahali mbuga inapokutana na mbingu. Hapakuwa na mtu.

"Umemuua," akasema.

"Nimemuua nani?"

"Miaka kumi na moja alikuwa hai humu! Hii kalenda ni yake, ya mwaka aliokwenda vitani. Aliniambia nisiifungue. Umekuja na mikono yako, umemuua!"

"Datha, mpenzi, mimi nilidhani ni ya mwaka huu, siku zote zinakubali..."

"Toka, Projest!"

Akatoka, nyundo akaisahau.

Siku ya pili, ya Marehemu Wote, Deodatha hakwenda misa. Tokyo haikupiga, wala Bombei. Hata Mzee Gosbert, aliyelalamikia simu zile mwezi mzima, alipita barazani mara mbili kuuliza kama laini imekatika.

Ijumaa mchana akakata shauri: atairudisha Oktoba mahali pake, na mambo yatarudi yalivyokuwa. Akaushika ukurasa. Hapo ndipo alipoona, kwenye kijumba cha Jumapili tarehe tano, maandishi madogo ya penseli iliyofifia. Mwandiko aliujua kabla hajausoma.

"Datha, gauni la njano. Hapa si mbali. Hapa tunapanda basi kweli."

Alikaa juu ya rundo la nguo za watu. Basi kumbe alikuwa anachungulia! Ule ubashiri wote, Misri, Paris, Rio, kipaji gani! Mwizi wa kurasa tu, anafungua wakati yeye Deodatha ameinamia cherehani.

"Mwongo wee, Anastazi!" akasema kwa sauti, na akacheka. Kicheko hakikufika mwisho. Kilio kilichomtoka hapo kilikuwa kile alichokuwa anadaiwa tangu mwaka 1978, na alilia kama wanavyolia watu msibani, bila aibu, kanga mdomoni. Mtu aliyepanga safari ya basi kwa uangalifu namna ile asingekosa kuja kama angekuwa hai. Alipomaliza, kibanda kilinuka nguo mpya na mafuta ya cherehani, basi.

Alifika posta karibu na kufunga. Foleni ilikuwa ndefu. Projest alikuwa nyuma ya dirisha, vya kusikilizia masikioni, uso umekaza.

"Unapiga wapi, mama?"

"Serengeti."

"Serengeti hakuna laini."

"Najua. Nimeita miaka kumi na moja."

Projest akavivua vya masikioni. "Datha, mimi sikujua."

"Ungejuaje? Nilikufukuza kwa kufungua ukurasa ambao Anastazi mwenyewe alishaufungua kabla yangu. Nisamehe. Nipe bahasha na kalamu."

Akaandika pale pale dirishani, herufi moja moja: Anastazi Sibomana. Kabla ya herufi ya mwisho akasita.

"Dada, na sisi tuna haraka!" mtu akalalama nyuma.

"Subirini," Projest akasema. "Hii ni simu ya mbali."

Jumapili tarehe tano jina lilisomwa kanisani, kati ya majina mengine, na padri akapita kwenda la pili. Deodatha alikuwa amevaa gauni la njano alilolishona mwaka 1978. Usiku wa kuamkia siku hiyo alilipanua kiunoni, maana miaka kumi na moja haipiti bure. Baadaye walikaa barazani na chai, Projest kavaa suti ya kijivu na kile kiraka chake.

"Mwezi ujao nawatuma wazee kwa baba yako," akasema. "Mzee Kahigi akikubali, tutapanda basi twende tukawaone hao nyumbu."

"Atakubali. Amechoka kuniona."

Projest akacheka, akanyoosha mkono ukutani. "Na Desemba ni wapi?"

"Sijui. Sijachungulia." Akaudaka mkono wake kabla haujagusa karatasi. "Jumapili ya kwanza. Tarehe tatu. Tutafungua wote wawili."

"Sawa, mpenzi."

"Utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

Alijibu haraka, kwa moyo mweupe, kama alivyojibu yule mwingine, kwenye baraza lile lile. Lori la kahawa likapita barabarani likiunguruma. Deodatha hakuinua macho kulitazama, ila mkono wa Projest aliukamata kwa nguvu, mbele ya stendi nzima, wala hakuuachia mpaka mlio ulipoishia kwenye kona ya Nyakahanga.