Kioo Kilichofutwa kwa Sweta

Kila alipotoka shuleni, Sisimizi alipitia nyumbani kuweka mkoba, akala kilichokuwepo, kisha akashika njia ya kwenda gereji kwa shangazi yake. Shangazi alikuwa fundi wa umeme wa magari, na ndiye aliyembandika jina hilo, maana mtoto alikuwa mdogo wa umbo na alipenya chini ya dashibodi hadi mahali ambapo mkono wa mtu mzima haufiki.

Siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi. Ndani ya gereji lilisimama gari la kituo cha afya, lile la kupanda milima na kupita matopeni, lililopeleka wauguzi na chanjo vijiji vya mbali. Dereva wake aliitwa Mzee Taratibu. Watu walimtania kwamba hata kobe humpigia honi ampishe. Yeye alicheka tu na kujibu, "Afadhali nichelewe, lakini nifike."

Kituo kilitaka gari hilo lifungwe kamera ya kurekodi barabara, na kazi ikipendeza, magari mengine yangefuata. Shangazi aliketi kwenye kiti cha dereva, akaonyesha sehemu ya kioo cha mbele, nyuma ya kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma.

"Hapa ndipo pake," alisema. "Haimzibi dereva, waipa za kufuta mvua zinapafikia, na barabara yote inaonekana. Ukiipandisha, itapiga picha mawingu; ukiishusha, itapiga picha boneti. Lakini gari hili linarukaruka kwenye mawe kutwa nzima. Gundi isiposhika sawasawa, kamera itadondoka. Kifute kioo kwa sabuni, kikauke, kisha ukifute kwa spiriti. Zote ziko stoo."

Stoo ilikuwa ng'ambo ya ua. Sisimizi alitazama mvua, akajikunyata. Shangazi alikuwa ameshainamisha kichwa chini ya usukani, akiunga waya kwenye kisanduku cha fyuzi. Sisimizi akavuta mkono wa sweta yake ya bluu ya shule, akafuta kioo mara mbili tatu, basi.

"Umefuta kwa sabuni na spiriti?"

"Nimefuta, Shangazi."

Shangazi hakuinua hata uso. Wakabandika kamera, wakauficha waya pembeni mwa kioo. Shangazi aliivuta kidogo kwa mkono. Ilishika.

Siku chache baadaye habari mbaya ilifika. Kwenye kona ya mlimani, lori liligongana na gari la Mzee Taratibu, likalisukumia mtaroni. Muuguzi aliyekuwa amesinzia ndani alivunjika mkono. Dereva wa lori alisema mzee ndiye aliyehamia upande wake. Kamera ilipotafutwa, ilikutwa chini ya kiti, waya umechomoka. Picha za mwisho zilikuwa za njia ya mawe, kabla ya kona.

Mkuu wa kituo alikuja gereji. "Fundi, nieleze. Kamera hii ingeweza kung'oka yenyewe?"

Shangazi alifikiri. Hakuwa mtu wa kubahatisha maneno. "Kioo kilisafishwa kwa sabuni na spiriti, na mimi mwenyewe niliivuta. Sidhani kama ingeng'oka yenyewe."

"Basi ameing'oa yeye, afiche kosa lake."

Sisimizi alikuwa amesimama palepale, bisibisi mkononi. Akajipenyeza chini ya gari lililokuwa karibu. Jioni hiyo Mzee Taratibu alinyang'anywa funguo.

Kesho yake mzee alikuja gereji. Hakuja kugombana. Aliketi juu ya tairi kuukuu, akakitazama kiganja chake.

"Mwanangu," alimwambia shangazi, "mimi hata mahali pa kuizima sipajui. Ningeigusa nikitafuta nini?"

"Niwie radhi, mzee wangu. Nilisema ninachokijua."

Mzee akatikisa kichwa, akajiinua kwa shida, akaondoka kwa miguu akikanyaga matope kama mtu asiyejua aendako. Sisimizi alimtazama mpaka alipopotea barabarani. Machozi yakamshinda.

"Shangazi, sikufuta kwa spiriti. Wala sabuni. Nilifuta kwa sweta."

Shangazi aliweka koleo chini. Hakumpiga wala hakumkaripia.

"Na jana, mkuu aliposimama hapa?"

"Niliogopa."

"Twende."

Ofisini kwa mkuu, Sisimizi alieleza yote mwenyewe, sauti ikikatika. Shangazi aliomba kamera, akaigeuza. Gundi ilikuwa imejaa vumbi, na katikati ya vumbi zilinasa nyuzi za bluu. Mkuu alizitazama nyuzi, kisha akaitazama sweta aliyovaa Sisimizi.

"Kumbe nimemwita mzee mwongo bure," alisema polepole.

Ndipo alipokwenda kwa askari wa barabarani kuangalia picha walizopiga kwenye kona baada ya ajali, jambo ambalo hakuona haja ya kulifanya mwanzoni. Alama za matairi zilionyesha wazi kuwa lori ndilo lililohamia upande wa mzee. Mzee Taratibu alirudishiwa funguo. Lakini magari yaliyobaki yalipelekwa kwa fundi mwingine, na shangazi hakulalamika.

Sisimizi alikwenda na shangazi kwa mzee kuomba radhi. "Nimekusamehe, mjukuu wangu," mzee alisema. Ila hakucheka kama zamani.

Njiani kurudi, shangazi alisema:

"Kuacha kufuta kioo ni uvivu. Ungeniambia, tungebandua tukabandika upya. Lakini uliposema 'nimefuta', ulinipa uongo, nami nikampelekea mkuu nikidhani ni ukweli. Uongo haubaki kwa aliyeusema, mwanangu. Hupita midomoni mwa watu waaminifu, ukamuumiza asiye na kosa."

"Utaniamini tena, Shangazi?"

"Nataka kukuamini. Kwa sasa nitakagua kila kazi yako, mpaka siku nitakayosahau kukagua."

Siku hiyo ilikawia sana kufika.