Mwanamume wa Upande wa Ukuta

Punda alikuwa anakuja mbio, na Twahira alikuwa amempa mgongo.

Ilikuwa wiki ya Maulidi, siku ya mashindano ya punda, na barabara ya pwani mjini Lamu ilijaa watu hadi ukingoni mwa maji. Twahira alisimama katikati ya njia na buibui jipya alilolitarizi mwenyewe kwa uzi wa fedha, akimpiga picha binamu yake Zamzam. Watu walipaza sauti, "Simila! Simila!" Yeye akadhani wanashangilia, kumbe wanamwambia apishe njia. Mara mkono ukaunasa mkoba wake na kumvuta hadi ukutani, na punda akapita akimrushia vumbi usoni.

"Ungekufa na simu mkononi," alisema mwenye mkono. Alivaa kanzu nyeupe na kofia ya vito, na alikuwa anahema kuliko punda.

"Na wewe ungekufa na mkoba wangu mkononi. Uachie."

"Nikiuachia utarudi katikati ya ndia."

"Hilo ni langu. Mkoba ni wangu, ndia ni ya serikali, wewe una nini hapa?"

Akacheka. "Nina jina. Mukhtar."

"Sijauliza," alisema Twahira. Lakini jioni, alipokuwa amekaa mbele ya cherehani, alishona zipu ya mteja kichwa chini miguu juu.

Twahira alikuwa mzaliwa wa Kizingitini, kule Pate, na alikuja Lamu kushona kwa shangazi yake, Bi Rahima. Mukhtar alikuwa Mwamu, mwenyeji wa Lamu, wa mtaa wa Langoni, fundi wa friji na sola. Haikuchukua muda friji ya Bi Rahima ikaanza kuharibika mara kwa mara, na kila ikiharibika alikuja Mukhtar.

"Friji hii ina ugonjwa gani usiopona?" aliuliza Bi Rahima.

"Inahitaji uangalizi wa karibu, Bi," alijibu Mukhtar, macho yakiwa kwa Twahira.

Wakaanza kutembea jioni, Zamzam nyuma yao akila bhajia na kujifanya hasikii. Hapo ndipo Twahira alipoona jambo la kwanza. Mukhtar hakutembea katikati ya barabara ya pwani hata siku moja. Aliganda upande wa ukuta, bega likikwaruza chokaa, na akija mtu mbele yake alimwacha yeye apite upande wa maji.

"Unamficha nani, habibi?"

"Najificha jua."

"Jua limezama."

"Basi mbalamwezi. Itanichoma weupe wangu."

Twahira alicheka, lakini alilihifadhi lile jambo. Mwanamume anayetembea kwenye kivuli cha kuta ana mtu hataki amwone. Mke labda.

Mke hakupatikana. Zamzam alichunguza mtaa mzima wa Langoni, na Zamzam akichunguza hubaki vumbi tu. Wazee wa Mukhtar wakapanda boti wakaenda Kizingitini kuposa, wakakubaliwa. Mzee Bwanamkuu, baba yake Twahira, nahodha aliyestaafu, alitoa sharti moja: nikaha ifungwe kwenye msikiti wake, mtaani kwake. "Binti yangu haozwi ugenini," alisema.

Siku ya nikaha ya kwanza Mukhtar alipatwa na homa. Nikaha ikapangwa tena, na siku hiyo ya pili mbuzi walikuwa wameshachinjwa na Twahira ameshapakwa hina. Wazee wa Langoni walishuka gatini Mtangawanda, kisiwani Pate, bila bwana harusi, nyuso zimewashuka, wakasema ameteguka mguu. Wanawake wa Kizingitini walikula pilau kimya. Kimya hicho Twahira alikisikia hadi kwenye mifupa.

Alirudi Lamu, na baada ya siku kadhaa baba akapiga simu.

"Nakwambia mara moja, mwanangu. Ijumaa ya mwisho kabla ya Ramadhani. Asiposhuka Mtangawanda kwa miguu yake, narudisha posa. Muhdhar yule mvuvi wa kamba ameshaleta maneno."

"Baba, Muhdhar ananuka kamba."

"Ananuka, lakini anakuja akiitwa. Nti hii, Pate nzima, haijaisha waume."

Wiki hiyo hiyo Mukhtar alimletea kanzu ya harusi aipunguze urefu. Twahira aliitandaza mezani, na kwenye bega akaona unywele. Aliushika kwa vidole viwili akaunyoosha kwenye mwanga. Ulikuwa mrefu kuliko mkono wake, mwekundu wa kudhurungi, unang'aa. Aliujua kila uzi unaouzwa Lamu. Huu haukuwa uzi. Wanawake wa mji huu walikuwa na nywele nyeusi.

"Mzungu," alisema Zamzam. "Au msichana wa saluni mwenye nywele za kubandika. Mimi naona mzungu."

Twahira aliuzungusha kwenye kidole, akauweka ndani ya mkebe wa sindano, akafunga. Kisha akapiga simu.

"Uko wapi, roho yangu?"

"Kazini, mpenzi. Friji ya mtu, mtaani Mkomani."

Nyuma ya sauti yake palikuwa na upepo mpana, ule wa mahali pasipo na nyumba. Halafu sauti ya mwanamke, ya karibu, ikasema, "Mukhtar, usimwachie! Mshike!"

"Friji inaongea?" aliuliza Twahira.

Simu ikakatika.

Hakulia. Alivaa buibui la kazi na viatu vya raba, akamwachia Zamzam duka, akafuata njia ya Shela kwa miguu, maana upepo ule ulikuwa wa mchanga wa Shela. Muuza madafu aliyemuuliza alimwonyesha nyuma ya vilima vya mchanga bila hata kufikiri, kana kwamba mji mzima ulijua isipokuwa yeye.

Huko, kwenye uwanja uliozungushiwa kamba, Mukhtar alikuwa juu ya farasi.

Farasi jike, mwekundu, nywele za shingoni zikimwagika upande mmoja, ndefu, za rangi ile ile iliyokuwa ndani ya mkebe. Basi unywele ulipata mwenyewe. Lakini kando ya farasi alitembea mwanamke wa bara mwenye suruali na buti za mpira, kichwa wazi, nywele fupi, mkono wake mmoja uko kwenye hatamu na mwingine umeshika goti la Mukhtar. Mukhtar alikuwa amefumba macho. Mikono ameitandaza kama mtoto anayejifanya ndege. Na usoni alikuwa na utulivu ambao Twahira, mchumba wake, hakuwahi kuuona.

"Homa yako ndiyo hii?"

Mukhtar alifumbua macho. Farasi aliinua kichwa, masikio yakasimama.

"Twahira, shusha sauti, anashtuka."

"Anashtuka! Baba yangu alikaa mlangoni mbuzi wameshachinjwa, yeye hakushtuka? Na huyu ni nani?"

"Wairimu," alisema yule mwanamke. "Mimi ndiye mwalimu."

"Mwalimu wa magoti?"

Mukhtar aliteremka. Mguu ulioteguka ulitua chini vizuri sana. "Ndoo karibu nikueleze."

"Eleza."

Alimtazama, akatazama bahari nyuma yake. "Siwezi. Si hapa."

"Si umwambie tu?" alisema Wairimu kwa upole.

Upole huo ndio uliomchoma Twahira. Mwanamke mwingine alikuwa anakijua kile ambacho yeye alinyimwa.

"Oa farasi," alimwambia Mukhtar, akageuka. Kabla ya kufika mjini alikuwa ameshaifunga namba yake.

Siku ya pili yake Wairimu alikuja dukani amebeba mto wa tandiko uliochanika.

"Nataka unishonee vishikio, huku na huku. Imara."

Twahira aliupokea kwa sababu kazi ni kazi. "Vya nini?"

"Kuna watoto naletewa, miguu haiwatii. Wakikaa juu ya Asali, yule farasi, mgongo wake unawachezesha nyonga kama wanaotembea. Mmoja alisimama wiki jana, mama yake akaanguka yeye." Wairimu alitabasamu. "Na kuna wakubwa. Walioona mambo. Farasi anausikia moyo wa mtu unavyokwenda. Ukitaka atulie, lazima utulie wewe kwanza. Huwezi kumdanganya."

"Bahati yake. Mimi nadanganyika vizuri." Twahira alikata uzi kwa meno. "Na Mukhtar, miguu yake ina nini? Naona inamfikisha kwako bila shida."

"Dada, najua unachoniwazia. Nina mume, yuko Nyahururu."

"Nyahururu ni mbali."

Wairimu hakucheka. "Nikitoa siri ya mtu mmoja, hakuna mama ataniletea mtoto tena. Lakini Jumatano tunamhamishia Asali Kililana, ng'ambo ya bara; hoteli yenye uwanja wake imeuzwa, na kule kuna majani. Aliletwa huku kwa mashua, mawimbi yakamlaza ubavu, nusura afe. Tangu siku hiyo hataki kuona chombo. Yeye na..." Akajikata. "Njoo uone mwenyewe."

Alipoondoka, Twahira alibaki ameshika mkasi. Yeye na nani? Fundi huvijua vipande kabla havijawa nguo, na sasa vipande vilianza kukaa mahali pake. Upande wa ukuta. Siku Bi Rahima alipokwenda Umra, uwanja wa ndege uko ng'ambo tu, Manda, na Mukhtar alibeba mizigo hadi gatini akaagia pale pale. Na Shekhan, binamu wa Mukhtar, aliyekufa maji boti ilipopinduka miaka miwili nyuma. Twahira aliwahi kumpa pole. Hakuwahi kumuuliza siku hiyo yeye alikuwa wapi.

Au alikuwa mjanja tu, na mimi najishonea udhuru wake? alijiuliza. Mtu aliyeongopa homa na mguu anaweza kuongopa bahari.

Jumatano alikwenda, na hakwenda kumtazama farasi.

Mashua pana ya kubebea mchanga ilikuwa imeegeshwa ufuoni Shela, ubao umelazwa hadi majini. Watu walijaa. Asali alikuwa amekita miguu, macho meupe, shingo inalowa jasho.

"Mvuteni mkia!" mmoja alipiga kelele.

"Muoneshe tikiti!" mwingine akadakia, watu wakacheka.

Wairimu alivuta, akabembeleza, akavuta. Mukhtar alikuwa nyuma kabisa, mgongo umegandamana na ukuta wa nyumba ya mwisho, viganja vimefunguka kwenye chokaa. Midomo yake ilikuwa ya majivu. Twahira alimchunguza kama anavyochunguza mshono wa mtu mwingine, akitafuta mahali pa uongo.

Asali alilia. Akageuza shingo, akatafuta kwenye umati, akamwona.

Mukhtar aliuacha ukuta.

Hakutazama maji. Alitazama masikio ya Asali. Alipita katikati ya watu, akampokonya Wairimu hatamu, akaweka paji la uso kwenye shingo ya farasi. Wakasimama hivyo hadi pumzi zao zikawa moja. Kisha akaanza kutembea kinyumenyume, maji yakimpanda kifundoni, magotini, akimnong'oneza, na farasi akamfuata hatua kwa hatua, akapanda ubao, akaingia.

Watu wakashangilia. Nahodha akawasha mashine. Hapo ndipo Mukhtar alipoinua macho akaona maji kila upande, akamkumbatia Asali shingoni kwa mikono miwili.

"Nahodha, ngoja!" Twahira alikuwa ameshaingia majini na buibui lake.

Walimvuta ndani, amelowa hadi kiunoni.

"Umefuata nini?" Mukhtar aliuliza, meno yakigongana, vidole vimezama kwenye nywele za Asali.

"Kuona kama ni uongo."

"Uongo upi?"

"Wowote. Unao mwingi."

Chombo kiliyumba. Mukhtar alifumba macho akasema haraka, kama mtu anayetema. "Tulishika dumu moja, mimi na Shekhan. Wimbi likaja, likapita, dumu nikabaki nalo peke yangu. Sasa niambie. Mwanaume wa Kiamu anayeogopa maji. Ningemwambiaje baba yako, nahodha?"

"Ungeniambia mimi."

"Ungeolewa na Muhdhar."

"Ningeamua mimi!" Alifuta chumvi usoni, haijulikani ilikuwa ya wapi. "Na huyo wa Nyahururu?"

"Ananifokea kuliko wewe."

"Nasikia!" alisema Wairimu kutoka tezini, nyuma ya chombo.

Mukhtar aliuchukua mkono wa Twahira akauweka kwenye kifua cha Asali. Chini ya ngozi yenye joto kitu kilikuwa kinapiga, kizito, bila haraka. "Moyo wangu haujui kwenda polepole huku majini. Naufuata wake."

Twahira alisikiliza kwa kiganja. Kisha akasema lile ambalo wote wawili walikuwa wanalikwepa.

"Ijumaa hakuna farasi."

"Najua."

"Utakuja?"

Hakujibu. Na safari hii, kwa sababu hakuahidi uongo, Twahira alimwamini zaidi.

Alhamisi, kabla ya kwenda kwao, alifungua tena namba ya Mukhtar, kisha mkebe wa sindano. Alichukua ule unywele, akautunga, akaushona ndani ya pindo la mkono wa kanzu, mahali pasipoonekana, kidole kinapoweza kuufikia. Akampa Zamzam aipeleke Langoni.

Ijumaa, Kizingitini, mikono yake ilikuwa imejaa hina na piko nyeusi, nayo simu ikalia. Zamzam akamshikia.

"Niko Mtangawanda," ilisema sauti ya Mukhtar.

"Maneno matupu nimewahi kuyasikia. Niwekee video."

Mzee Bwanamkuu akasukuma pazia na kuchungulia naye. "Mwambie ageuze. Nataka kuona chombo."

Kijana mmoja akaichukua simu, picha ikayumba, ikatulia. Boti ilikuwa inafungwa kamba. Wazee wa Langoni walikuwa wanatembea kwenye gati, kanzu zinapepea. Mukhtar alikuwa na uso wa majivu, pindo la kanzu limelowa, na ngumi moja imekaza mkono wa kanzu. Wazee walimwachia nafasi katikati yao. Hakuichukua.

Mzee Bwanamkuu akakunja uso. "Mbona kijana anatembea ukingoni, upande wa maji? Ataanguka."

"Mwache, baba," alisema Twahira, asiondoe macho. "Mwache atembee."