Machipukizi ya Msitu Ulioungua

Gaudiosa na mumewe Kasiani walipanga nyumba ndogo nje ya mji wa Södertälje, huko Uswidi. Kasiani alifanya kazi kwenye kiwanda cha malori. Nyuma ya nyumba walilima viazi na kabichi. Nyuma ya bustani ulikuwepo msitu wa mwenye nyumba, mzee Ekdahl. Ulikuwa msitu wa asp, miti ambayo majani yake hutetemeka hata upepo ukiwa kidogo.

Mwezi wa Aprili theluji ilikwisha, nyasi zikakauka. Gaudiosa akasema, "Kwetu Bukoba nyasi za zamani huchomwa. Tuchome, mvua ikute shamba safi."

Wakachoma. Upepo ukageuka, moto ukaingia msituni. Wazima moto walifika, na kwa rehema za Mungu hakuna aliyeumia. Lakini msitu ukabaki vigogo vyeusi.

Mzee Ekdahl alikuja, akatazama. Hakupiga kelele.

"Nikiona miti hapa kabla ya theluji, mtakaa," alisema. "Nisipoona, tafuteni nyumba nyingine."

Kasiani akachukua jembe ili ang'oe visiki na kupanda miti mipya. Mwezi wa Juni vijiti vyekundu viliota kila mahali kwenye majivu. Gaudiosa akainama, akaanza kuving'oa.

Jumapili moja jirani yao Eseza, Muganda aliyefanya kazi kwenye kitalu cha miti, alipita akitoka kanisani.

"Dada, acha! Unang'oa nini?"

"Magugu. Muhaya hakai na shamba chafu."

Eseza akacheka. "Muhaya gani asiyejua chipukizi? Mgomba ukikatwa, unapanda mwingine?"

"Sipandi. Machipukizi yanatoka yenyewe."

"Basi asp nao ni hivyo hivyo. Moto umeua vigogo. Mizizi iko hai, udongo umeikinga."

Kasiani hakukubali. "Shemeji, chipukizi la mgomba hukaa karibu na shina. Haya yako mbali na kisiki chochote."

"Mizizi ya asp hutambaa mbali. Fukua hapo, taratibu, kwa vidole."

Kasiani akafukua. Akakuta mzizi mnene kama kidole gumba. Aliukwangua kidogo kwa ukucha: ndani mbichi, una maji. Juu yake machipukizi yalikuwa yamejipanga.

"Mti ukiwa mzima huyazuia," Eseza alieleza. "Sasa vigogo vimekufa. Jua linafika chini, na udongo mweusi unapata joto upesi. Ndiyo maana yanatoka mengi."

"Kumbe moto ni mzuri!" Kasiani akadakia.

"Shemeji, usianze! Moto wenu ungeua watu. Nyasi zifyekeni, mzirundike, zioze ziwe mbolea."

Gaudiosa alitazama rundo la vijiti alivyong'oa. "Nimeumaliza msitu mara ya pili," alisema polepole.

"Bado. Mizizi itatoa mengine, ila usirudie. Jembe lirudi kwenye viazi. Msikanyage hapa. Halafu jengeni ua. Paa wa huku hupenda majani machanga. Na älg pia, yule mnyama wa porini mkubwa kama ng'ombe."

Wakajenga ua wa nguzo na waya, wenye lango dogo. Kwenye pembe moja waya ulilegea. Älg akaingia, akala upande ule wote. Kasiani akaukaza waya, na tangu hapo Gaudiosa aliukagua kila asubuhi baada ya sala.

Oktoba mzee Ekdahl alirudi. Machipukizi yalimfika kiunoni, majani yake ya manjano yakitetemeka.

"Mmepanda lini?" aliuliza.

"Hatukupanda," Gaudiosa alijibu. "Mungu alikwisha kuiweka mizizi chini. Sisi tumeacha tu kuyang'oa machipukizi yake."

"Na nyasi? Mwakani mtachoma tena?"

Gaudiosa akamwonyesha rundo kando ya viazi. "Tumezifyeka. Zile pale zinaoza."

Mzee akapitisha mkono juu ya majani, kama mtu apapasaye kichwa cha mtoto.

"Basi mtakaa," alisema.

Akatoka. Akalifunga lango mwenyewe, akalitikisa kuona kama limeshika, älg asije akapita.