Midomo Upande wa Pili wa Mpira

Kuany alirudi gereji siku ya nne tangu abadilishiwe injini, uso umekunjamana kama mtu aliyekanyaga mzoga.

"Ejok, fundi."

"Ejok-noi. Gari ikoje?"

"Injini yako inalia vizuri. Lakini inakunywa, ndugu yangu! Nimejaza tangi Kakuma. Nusu ya njia, mshale umelala. Nikaongeza mtungi mzima. Kufika hapa Lodwar, kwisha. Na hii harufu! Bibi yangu Nyanut amekataa kupanda. Anasema ni kama kubebwa ndani ya kinywa cha mlevi."

Longor alicheka. Injini hiyo aliing'oa kwa mikono yake kutoka kwenye gari lililopinduka karibu na Namoruputh, akaifunga kwenye pikapu ya Kuany, na haikuwa kawaida yake kazi kurudi.

Akainua boneti. Harufu ikampiga usoni. Petroli, ndiyo, lakini chini ya petroli kulikuwa na kitu kingine, kitamu na kilichooza, kama ngozi ya mbuzi iliyolowekwa ikasahauliwa. Akapapasa mabomba: makavu. Akachungulia chini ya gari: hakuna tone. Akafungua plagi ya kwanza akitarajia masizi. Ilitoka na ute mzito, ukaning'inia, ukavutika mpaka kifuani pake kama udenda wa mtu aliyelala.

"Kabureta inafurika," alisema, kwa kuwa fundi lazima aseme kitu.

"Kabureta inatema kamasi?"

"Tangi ni chafu, basi. Tutalimwaga."

Akatumbukiza mpira ndani ya tangi, ncha ya pili akaitia mdomoni, kama alivyofanya kila siku kwa miaka kumi. Akavuta. Petroli haikuja. Akavuta kwa nguvu zaidi. Ndipo kitu upande wa pili nacho kikavuta, taratibu kwanza, kama mtoto anayetafuta ziwa, kisha kwa pupa, kikamfyonza mate, kikamfyonza pumzi, ulimi wake ukavutwa ukakwama kwenye tundu la mpira, naye akahisi, wazi kabisa, ncha ya ulimi mwingine, mkavu, wenye magamba, ukimlamba.

Akapiga kelele. Petroli ikaja, vuguvugu kama damu, akameza funda zima.

Kiu ilianza mchana huohuo. Alimaliza mtungi wa maji wa lita ishirini na kinywa kikabaki kikavu kama majivu. Kufikia siku ya tatu mkojo wake ulinuka petroli, ngozi ya vidole ilikuwa imesinyaa ikashika mifupa, na ulimi ulikuwa umevimba, umepasuka, nzi wanaugombania kila akifungua mdomo. Mkewe, Nakeno, alimsogezea chakula kwa mkono ulionyooshwa, leso puani.

"Baba Ekaale, unakufa, na unanuka," alisema. "Nasema vyote viwili kwa sababu nakupenda. Twende kwa mganga."

Awoi, mganga mzee wa Nawoitorong, alimnusa mara moja, akageuka, akatema.

"Mwenye injini alikufaje?"

Longor alimtazama Kuany, ambaye ndiye aliyewaleta kwa pikapu, kisha akatazama chini. Hakuwa amemwambia; sasa akasimulia. Dereva yule alivunjika mguu, gari likamlalia. Wachungaji walimkuta baada ya siku nyingi, bomba la mafuta, alilolinyonya kwa kiu, bado liko katikati ya meno yake. Maji ya rejeta yalikuwa hatua tatu kutoka kichwani pake, mkono haukufika. Wakamzika palepale.

"Na wewe?" Awoi aliuliza.

"Nilifanya kazi, nyanya. Injini haitolewi kabla ya kumwaga maji ya rejeta."

"Ukayamwaga wapi?"

"Mchangani." Sauti yake ilikuwa mkwaruzo tu. "Nilinawa miguu kwanza."

"Juu ya kaburi lake," Awoi alisema polepole. "Basi huyu si jini wa kufukuzwa kwa kelele. Ni mtu mwenye kiu, na atakunywa kilichopo. Sasa kilichopo ni wewe."

Asubuhi wakawa pale kaburini na pikapu. Mbuzi mweusi akachinjwa, na Awoi akampaka Longor majani yaliyosagika tumboni mwa mnyama, mabichi, ya moto, yenye uvundo wa kuchacha, kuanzia utosini mpaka nyayoni. Kisha akaipaka boneti.

"Hata kwetu Bor tunafanya hivi," Kuany alimnong'oneza, uso umegeukia upande. "Usione haya. Unanuka tu vibaya kuliko jana."

"Usinichekeshe. Midomo inapasuka."

Awoi akatia mpira ndani ya tangi, akamkabidhi Longor kibuyu cha maji.

"Jaza mdomo, mpulizie. Usimeze. Ukimeza tone moja, atalifuata mpaka tumboni."

"Maji kwenye tangi la petroli?" Kuany alishtuka. "Mama, utaua gari yangu!"

"Chagua, gari au fundi."

Kuany akafunga macho. "Pulizia, Longor. Khalas. Haraka kabla sijabadilisha mawazo."

Funda la kwanza lilikuwa baridi, na koo la Longor lilifunguka lenyewe kulipokea, na mwili mzima ukamsihi ameze, lakini akaibana ncha ya mpira kwa midomo iliyovuja damu na kusukuma, na upande wa pili ile midomo mingine ikapokea, ikamumunya, ikagugumia, kisha ule ulimi wa magamba ukapanda ndani ya mpira wote ukaja kulamba unyevu uliobaki kwenye fizi zake, jino baada ya jino, naye akavumilia, akajaza tena, akapuliza, akajaza, akapuliza, mpaka kibuyu cha tatu, mpaka ulimi ule ulipoanza kulainika, ukalowa, ukawa ulimi wa mtu.

Mpira ukabeua. Pumzi ndefu, ya uvundo, ikamwingia Longor mdomoni na kutokea puani. Halafu kimya.

"Ameshiba," Awoi alisema.

Kuany alijaribu ufunguo. Injini ikakohoa maji, ikafa.

Longor alikaa mchangani, majani yakimkaukia shingoni, nzi wakimtambaa kope. Chini ya ulimi wake kitu kilikuwa kinakusanyika, kidogo kidogo. Mate. Yalikuwa na ladha ya petroli na ya kinywa kisicho chake. Akainama kuyatema.

Hakuweza kupoteza hata tone. Akayameza.