Ada ya Kucheza na Watu

Mvua ilipoimwagikia stendi ya Bukoba Jumamosi ile, watu walikimbilia duka la vifaa vya umeme wakasongamana humo kama senene kwenye gunia. Mbele ya Ildefons alisimama binti mwenye gauni la kitenge cha manjano, mabega yamelowa, akimwomba muuzaji amlipie ada ya mwezi ya kucheza gemu mtandaoni.

Ildefons hakuweza kunyamaza.

"Samahani, dada. Mashine umenunua, gemu umenunua, bando unaweka mwenyewe. Halafu kampuni ikutoze tena ndipo ucheze na watu? Si wizi huo?"

Binti akageuka. Macho yake yalikuwa yanacheka kabla ya mdomo.

"Wewe ni wakili wa wachezaji?"

"Nina chumba cha gemu Hamugembe. Kwangu watu hucheza bega kwa bega, hakuna ada ya mtandao."

"Wanacheza bure?"

Duka zima likaangua kicheko. Ildefons akajikuna shingo.

"Mitambo ya kuunganisha dunia haijiendeshi," binti akaendelea. "Acha walipwe."

"Wangeiweka kwenye bei ya mashine, basi!"

Mvua ilikatika, watu wakatawanyika, wao bado wanabishana. Binti alipopanda gari la kurudi kwao Kagoma, Muleba, Ildefons alikuwa na namba yake ya simu. Aliitwa Kokuberwa.

Mapenzi yakaota kwenye simu.

"Mtetezi wa kampuni hajambo?"

"Hajambo, wakili. Umekula?"

"Nitakulaje nawe uko Muleba?"

"Muongo! Nasikia unatafuna."

Jumamosi walitembea ufukweni, Koku ameshika viatu mkononi. Lakini kila jioni Ildefons alipompigia, simu ilikuwa haipokewi. Siku moja ilipokewa, na nyuma ya sauti yake Ildefons akasikia mwanaume akisema kwa upole, "Koku, njoo basi, tunakusubiri."

"Nitakupigia, mpenzi," Koku akasema haraka, akakata.

Koku alipopiga, Ildefons alikuwa amekwisha kuchemka.

"Kumbe ada unamlipia mwanaume!"

"Ungeniuliza ni nani."

"Niulize nini, wakati nimesikia mwenyewe?"

"Basi baki na ulichosikia, Ilde." Simu ikakatika, na safari hii haikupigwa tena.

Ildefons alikonda. Chumba chake kilijaa kelele za magoli, naye akikaa humo kama mgeni. Mwishowe alivaa shati jeupe, akafunga mlango, akaenda Kagoma.

Jua lilikuwa limeinama juu ya migomba alipobisha hodi. Koku alifungua, kanga kiunoni, uso mkavu.

"Umekuja kumwona mwanaume wangu? Ingia."

Sebuleni alikaa Mzee Kahangwa, baba yake. Kiharusi kilikuwa kimeulaza mkono wake wa kushoto na kuondoka na maneno yake. Hakupenda watu wamwone hivyo, ndiyo maana binti yake hakumwambia Ildefons. Pedi ya gemu iliegemezwa juu ya mto mapajani mwake. Koku aliketi kando yake, akawa mkono wa kushoto. Baba akawa wa kulia. Kwenye spika ikasikika ile sauti ya upole ikimwita baba.

"Tata, uko tayari?"

Alikuwa Rugambwa, kaka yake Koku, anayefanya kazi Ufini.

Mpira ukaanza. Na mzee yule, ambaye alikuwa hajaitikia hata shikamoo, alipoona mchezaji wa mwanawe anakimbilia goli lake akavuta pumzi na kupaza sauti: "Rugambwa! Rudi!"

Ildefons akakaa sakafuni. Alikuwa ameishi miaka mingi kati ya mashine hizi. Hakujua kwamba mtu anaweza kumrudishia baba yake maneno kupitia humo, kutoka nchi ya theluji.

"Nisamehe," alinong'ona.

"Bado ni wizi?"

"Sasa ndiyo zaidi. Sauti ya mtoto kwa baba yake haifai kuwekewa lango la kulipia."

"Hapo umenishinda," Koku akasema. "Lakini nitalipa tu." Akasogea, akamwachia nafasi. "Njoo, uwe mkono."

Ildefons akashika upande wa kushoto. Muda si muda, timu ya mzee ikafunga goli.

"Heee! Leo Tata ana mkono mpya!" Rugambwa akashangaa. "Ni nani huyo?"

"Ni mume wangu," Koku akajibu, "kama atakubali."

Pedi ikamponyoka Ildefons. Mzee Kahangwa akamgeukia, akalitafuta neno taratibu, midomo ikihangaika, hadi akalipata.

"Kubali," akasema.