Kidole cha Fundi Zipu

Zipu ya gauni la binti mmoja iliachia katikati ya foleni ya benki, siku ambayo mji mzima ulikuwa umeamua kwenda benki. Lilikuwa gauni la bluu lenye maua ya njano, la mtumba, alilolitengeneza kwa mkono wake na kujisifia nalo mtandaoni. Alihisi ubaridi mgongoni, kisha akasikia sauti ya mwanamume nyuma yake.

"Dada, usigeuke. Ukigeuka, na walinzi wataona."

"Wataona nini?"

"Gauni limefunguka mpaka kiunoni. Tulia kidogo, mimi ni fundi."

Koti likamfunika mabega. Koleo dogo likalia, zipu ikapanda.

"Kaka, unatembea na koleo mpaka benki?"

"Na wewe unatembea na zipu mbovu mpaka benki. Basi tumepatana."

Alipogeuka akaona kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likakubali, vidole vimejaa alama za sindano. Kijana huyo alitengeneza zipu na mabegi kwenye korido ya jengo la maduka, na pale kila mtu alimwita Zipu. Binti alipokea wagonjwa kwa daktari wa meno, na jioni aliandika blogu kuhusu kufufua nguo kuukuu. Zipu aliingia kwenye blogu wiki ileile, na moyoni muda si mrefu baadaye. Yeye akampa binti jina la Mhariri.

"Mhariri," alimwuliza siku moja pale koridoni, ameinamia simu, "hiki kisanduku kitupu pembeni ni cha nini? Umesahau kuandika?"

"Ni nafasi ya tangazo, mpenzi. Kampuni moja imenikubali. Wao wanaweka matangazo, msomaji akivutiwa akabonyeza, mimi napata chochote."

"Akibonyeza tu? Hata asiponunua?"

"Hata asiponunua. Mbona umetoa macho?"

"Nashangaa. Mimi hapa mtu anafungua begi, analifunga, analinusa, anaondoka zake, na sipati kitu."

Mhariri alitaka kuacha mapokezi. Alikuwa amechoka kuwaambia watu wenye mashavu yaliyovimba wasubiri kidogo, na dada yake mkubwa alikwisha kumcheka kwamba blogu haijawahi kumlipia mtu kodi ya chumba. Maisha yake ya kesho alikuwa ameyaweka yote kwenye kile kisanduku.

Siku za mwanzo hakubonyeza hata mtu mmoja. Kisha mambo yakabadilika, naye akapiga simu anahema.

"Mpenzi! Watu wanabonyeza!"

"Acha utani!"

"Kweli tena! Hawaachi! Nakupenda, nawapenda, nampenda kila mtu!"

"Anza na mimi, wengine wakae foleni."

Lakini jambo lilimtatiza. Wasomaji wake walikuja kusoma habari za viraka na pindo; iweje wabonyeze matangazo ya matairi, dawa ya upara na matangi ya maji? Walikuwa watu gani hao? Jioni moja Zipu alitaja bei za matangi, dogo na kubwa, kama mwenye majumba.

"Kwani unajenga?"

"Hapana, nimeona tu mahali," alisema, na akaanza kusifia viatu vya Mhariri.

Kisha kampuni ikaandika. Mibonyezo karibu yote ilitoka kwenye simu moja. Huo ni udanganyifu, na nafasi yake imefungwa. Mhariri alilia pale mapokezini mpaka wagonjwa wakadhani naye anaumwa jino.

"Huyo ni mtu mwenye kijicho," dada yake alisema. Mhariri akampigia Zipu.

"Kuna mtu kakaa anabonyeza makusudi ili nifungiwe. Nikimjua, sitamsamehe."

Upande wa pili koleo likaanguka.

"Zipu?"

"Nipo. Nina mteja." Akakata.

Kesho yake hakupokea simu, na siku zilizofuata hivyo hivyo. Mhariri akajijibu mwenyewe: alinipenda nilipokuwa napanda, nimeanguka kanikimbia. Akavaa sketi nyeusi na viatu vya kisigino kirefu, akaenda kumtafuta.

"Sema mwenyewe kwamba umenichoka."

"Nikuchoke wewe?" Zipu aliweka sindano chini. "Ni mimi, Mhariri. Niliyebonyeza. Asubuhi nikifungua kazi, mchana nikila, mteja akiondoka. Nilidhani nakuongezea. Sikujua kama ni kosa."

Mhariri akakumbuka matangi ya maji. Kicheko na hasira vilimjia pamoja, hasira ikashinda.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Siku ile ulipopiga simu, ulikuwa na furaha ambayo sijawahi kuisikia kwako. Nilitaka unipigie tena hivyo."

Aliondoka bila kumjibu. Ilimuuma kwamba hata kumchukia vizuri hakuweza.

Baada ya siku kadhaa ujumbe ukaingia kwenye blogu. Muuza vifungo wa ghorofa ya chini alitaka nafasi ya tangazo, amlipe mwenyewe bila kupitia kampuni. Akafuata muuza nyuzi, kisha dobi. Mhariri akampigia wa kwanza.

"Samahani baba, nani amekueleza habari zangu?"

"Si huyu Zipu! Amezunguka jengo zima na simu, anatuonyesha unavyogeuza shati la zamani likawa jipya. Ila ana sharti la ajabu, binti yangu."

"Lipi?"

"Tusibonyeze wenyewe."

Mhariri alicheka mpaka akatokwa na machozi, na hapo akakiri kwamba alikuwa amemkumbuka vibaya sana. Bado anajifuta, ujumbe mwingine ukaingia: *Nami naomba nafasi. Maneno ni haya: Fundi zipu anaomba kumwoa mwenye blogu hii. Usibonyeze. Nijibu kwa mdomo.*

Alitoka kazini amevaa gauni la bluu lenye maua ya njano. Zipu alikuwa anahudumia mama mmoja mwenye sanduku. Alipomwona, sindano ikamchoma.

"Tangazo lako nimelipata," Mhariri alisema. "Siliweki."

Uso wa Zipu ukanywea. Yule mama akajifanya anakagua sanduku lake.

"Hata nikilipia mara mbili?"

"Hata ukilipia mara kumi. Mama yangu hasomi blogu, Zipu. Ukitaka kumtangazia jambo unamfuata nyumbani, tena na wakubwa zako. Jumamosi yupo."

Zipu akaidaka simu, kidole kikaanza kazi.

"Wewe! Unabonyeza nini tena?"

"Namba ya baba mkubwa."